Pikipiki Iliyoanikwa na Kahawa

Mwezi uliopita nilikuwa Tunduma nikisubiri lori letu livuke kwenda Zambia, na kusubiri lori Tunduma ni kazi kamili: unanyoa ndevu, zinaota, unanyoa tena. Nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha mama ntilie, sahani ya ugali na maharage mbele yangu, na nyuma yangu wabadili fedha wawili wakitaniana nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kibemba, pale sauti ya mwanamke ilipokata kelele zote. "Kaka Bolti!" Mara ya kwanza sikugeuka. Nimepewa majina mengi kila nilipopita kutafuta riziki, na mengi yamebaki huko huko nilikopewa. Lakini hilo ni la mlima mmoja tu wa Hasamba, na sikuwahi kulisikia likivuka barabara kuu. "Kaka Bolti, umekuwa kiziwi au umekuwa tajiri?" Alikuwa Skola, binti wa jirani wa shangazi yangu, sasa mama mzima mwenye duka la vitenge, mkono kiunoni vile vile kama alivyokuwa akisimama mama yake.

Tulikula pamoja. Alisema nimezeeka ila bado nakula kama mtu anayefukuzwa. Nikamwambia na yeye bado anachungulia sahani za watu. Habari kubwa aliyokuwa nayo ilikuwa ya ile pikipiki yetu ya mlimani. Imekufa, alisema, na safari hii ni kweli: injini imepasuka, mafundi wamenyoosha mikono, na keria yake imeng'olewa inaanikiwa vyombo. Aliyasema hayo kwa sauti ya kuleta taarifa za msiba, kisha tukatazamana, tukacheka mpaka mama ntilie akaja kuuliza kama maharage yana shida. Skola aliporudi dukani kwake nilibaki pale pale na chai ikapoa. Mwili ulikuwa Tunduma. Mwenyewe nilishapanda mlima zamani, nimerudi kwenye ule mwaka mmoja.

Nilifika kwa Shangazi Rebeka baada ya matokeo ya kidato cha nne, matokeo ambayo hayakunipeleka mahali, nami nikiwa na hamu ya kwenda kila mahali. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu, kimoja chake, kimoja cha kukaa wageni, na kimoja cha kahawa. Mimi nilipewa cha kahawa. Nililala katikati ya magunia, katika harufu ya katani na ya kitu kilichochacha kidogo, harufu ambayo hata leo nikipita kwenye ghala lolote inanitia usingizi. Ukutani, chini ya magunia matupu, ilikuwa imeegemea pikipiki ya marehemu mumewe, pikipiki nyekundu ya Kijapani ambayo haikuwaka tangu mzee afariki. Kuku mmoja alikuwa ameifanya siti yake kuwa kiota. Nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo ndani ya bomba la moshi. Tangi lilikuwa na kutu, tairi zimelala kama ndala zilizochakaa, na kwenye waya za klachi mtu alikuwa ameanika vitunguu saumu.

Usiku wa kwanza sikuuliza. Asubuhi, tukiwa jikoni na uji wa ulezi, nikauliza. Shangazi alikuwa mwanamke mrefu, mzito wa maneno, aliyepika akiwa amesimama na kula akiwa amesimama. "Kijana," alisema, "ile ukiiwasha ni yako. Nenda nayo hata Kongo, sitakuita. Ila mpaka iwake, asubuhi zako ni za kahawa." Akalamba mwiko, akaongeza: "Na yule kuku usimhamishe mpaka atotoe." Hayo ndiyo yalikuwa mapatano yetu, na mimi nilisikia neno moja tu, Kongo. Siku hiyo hiyo, chini ya mibuni, nilianza kuichora pikipiki yangu kichwani: madigadi ya nyuma nitaikata, usukani nitauinua juu kama pembe, siti nitaifupisha iwe ya mtu mmoja. Nilimweleza Shangazi jioni, tukimenya viazi. "Ya mtu mmoja," alirudia. "Na ukimkuta mwenzio njiani na mzigo?" Nikasema atembee. Aliangalia namna nilivyomenya kiazi, nusu yake ikiwa imeondoka na ganda.

Kwa hiyo mwaka ule ulikuwa na asubuhi na mchana wake. Asubuhi tulichuma, tukamenya kahawa kwa mashine ya mkono, tukaiosha, tukaianika kwenye vichanja vilivyopangwa kwenye mteremko ambao Shangazi aliugawana na majirani kwa sababu ndio uliopata jua mapema. Mchana ulikuwa wa pikipiki. Nilijifunza kwa kukaa, kama nilivyojifunza mambo yangu yote: Jumamosi nilitembea mpaka Vwawa kwa fundi mmoja wa kuchomelea, nikakaa kwenye kopo lake la rangi, nikaangalia mikono yake, kisha nikarudi kujaribu. Tangi nililijaza kokoto na mafuta ya taa, nikalitikisa mpaka mabega yakaisha, kutu ikatoka kama chai ya maziwa. Gasketi nilikata kwa boksi la sabuni. Kuku alitotoa, akahamia kwenye kikapu kwa hiari yake. Kahawa tulilima, chai tukanywa. Kila jioni tulikaa jikoni na birika la tangawizi, na majirani wakapita mmoja mmoja kuuliza mgonjwa anaendeleaje. Mama Skola, ambaye hakujua kunong'ona, alikuwa akiniuliza tangu yuko njiani: "Wewe Fundi, hiyo ndoa yako na chuma italeta mtoto lini?" Nikiwa na umri ule nilidhani wananicheka. Sasa, nikiwa nimeishi mahali ambapo hakuna anayepita kuuliza, najua lile lilikuwa jambo jingine.

Karibu na mwisho wa msimu, wakati kwenye vichanja imebaki kahawa ya mchumo wa mwisho, nilifungua injini yote. Nilivuka kwenda Nakonde kutafuta ringi za pistoni, kwa maana upande wetu hazikuwepo, nikazunguka duka kwa duka. "Tapali, mukwai," waliniambia kwa upole, hakuna, mkuu, mpaka mzee mmoja akatoa chini ya meza ringi zilizofungwa kwa karatasi ya mkate. Nilirudi nikiimba. Nilichokikuta Hasamba kinahitaji kuelezwa polepole, kwa sababu kila aliyehusika alikuwa ametenda wema mtupu.

Nilipoondoka asubuhi niliacha vipande vya injini kwenye beseni la mafuta ya taa: vali na springi zake, pini ya pistoni, gololi ndogo ndogo za beringi, nati, bolti, na kabureta yote iliyofunguliwa hadi sindano. Shangazi aliviona, akaona ni vichafu. Akavisugua kwa jivu na maji ya moto kama anavyosugua sufuria, akavisuuza mara mbili harufu ya mafuta iishe, na kwa kuwa vyombo visafi huwekwa juani, akavianika mwisho wa kichanja, kwenye kipande cha gunia, kando ya kahawa. Kisha akaenda kwenye kikao cha akina mama kanisani. Mchana mvua ya kwanza ikaja kabla ya wakati wake. Sasa, kule kwetu kuna sheria isiyoandikwa: wingu likisimama juu ya kahawa ya mtu, aliye karibu haulizi ni ya nani. Anakimbia. Mama Skola alikimbia, Skola alikimbia, mwalimu wa kwaya Eliya alikimbia akiwa na suruali imekunjwa magotini, wakakusanya kahawa ya vichanja vyote kwa mikono, kwa ungo, kwa vikapu, wakamimina kwenye gunia lolote lililofunguka. Walikusanya na injini yangu. Hakuna aliyeona. Mkono unaokimbizana na mvua hautofautishi punje na nati.

Shangazi aliporudi aliwashukuru sana. Jua lilirudi kesho yake, kahawa ya kila mtu ikamwagwa kwenye kichanja kilichokuwa wazi, ikamalizika kukauka, ikajazwa tena, na mimi bado niko Nakonde nalala kwa ndugu wa dereva aliyenipa lifti. Nilipofika na ringi zangu mfukoni, nikauliza vipande viko wapi, Shangazi alikwenda kwenye kile kichanja, akasimama. Alirudi akiongea Kinyiha peke yake, na Shangazi akihamia Kinyiha ujue mambo ni mazito. "Viko kwenye kahawa," alisema mwishowe. "Kahawa ipi?" Akanyoosha mkono, akauzungusha polepole juu ya mlima wote. "Hii."

Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa alisoma matangazo: ndoa, mgonjwa, zamu ya kufagia, kisha akavua miwani. "Kijana wa Mama Rebeka amepoteza vyuma vyake ndani ya kahawa zetu. Mtakapochambua, chambueni kwa macho mawili." Kanisa zima lilicheka, na aliyecheka kwa sauti zaidi alikuwa Mama Skola. Kuanzia siku hiyo nikaitwa Bolti. Na vyuma vikaanza kuja. Springi moja ililetwa ndani ya kitambaa cha sadaka. Vali ilikuja kwenye bakuli la maharage ya kukopeshana. Vilikuja pia visivyokuwa vyangu: skrubu ya cherehani, gololi ya baiskeli, kipande cha jembe, jino la kitana. "Kama si chako kitunze," alisema mwalimu Eliya, aliyeniletea ufunguo wa kufuli lisilojulikana, "chuma hakiozi, utakihitaji." Jikoni kwetu Shangazi aliweka bakuli la bati mahali pa chumvi, na kila kilichoingia kilitoa mlio ambao sisi wawili tuliusikia hata tukiwa shambani.

Viwili havikurudi: pini ya pistoni na sindano ya kabureta. Bila pini hakuna injini, bila sindano hakuna moto, na Nakonde nilikuwa nimeshaambiwa tapali mpaka nikachoka. Magunia nayo yalikuwa yamekwenda ghalani kwa chama cha ushirika, kahawa ya mteremko wetu yote kwa pamoja, kwa sababu tuliuza kama kikundi. Tulikwenda siku ya kupimwa, mimi nikisukuma baiskeli, akina mama mbele. Karani wa ghala alikuwa kijana mwembamba mwenye bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji wanachochoma nacho gunia kutoa punje za kuangalia. Akachoma la kwanza, akanusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. La pili vile vile. La tatu bambo likagota. Kli! Kila mtu alisikia. Akachoma pembeni, kli. Akalifungua, akaingiza mkono, akatoa pini ya pistoni inang'aa kwa jivu la Shangazi.

"Kina mama," alisema, "siku hizi kahawa ya Hasamba ina mifupa?" Hakuna aliyecheka. Alieleza kwa adabu, ndiyo maana ilitisha: kahawa yenye chuma haipokelewi, inavunja mashine ya kukoboa, na kama chuma kiko gunia moja hawezi kujua magunia mengine yana nini. Mzigo wote wa kikundi ungerudi mlimani. Mwaka mzima wa kila nyumba ulikuwa umelala pale sakafuni, na mimi nilisimama nikiangalia kidole cha mguu wangu. Nilingoja Mama Skola anitaje. Badala yake alifungua khanga ya pili, akaitandika uani, akasema, "Karani, jua bado liko juu. Tupe maturubai." Wakakaa chini, wote, akina mama wa mteremko wetu, miguu imenyooshwa, wakamwaga gunia baada ya gunia na kuyachambua upya, wakitoa kila punje nyeusi ambayo hata haikuwa na kesi. Mwalimu Eliya alianzisha wimbo, akaambiwa anyamaze achambue. Mimi nilibeba magunia. Karani, aliyekuja kusimama na kukosoa, baada ya muda alikuwa amechuchumaa.

Sindano aliipata Skola. Ni kitu chembamba kama kijiti cha kuchokolea meno, cha rangi ya shaba, na ilikuwa imelala kwenye mfereji wa punje kana kwamba ilitengenezwa humo. Aliishika juu. Kahawa yetu ikapokelewa yote, safi kuliko ya miaka mingine kwa kuwa ilikuwa imechambuliwa mara mbili, na njiani kurudi Mama Skola akanigonga bega. "Sasa sikiliza, Bolti. Hii pikipiki tumeizaa wote. Usitufanyie ya mtu mmoja."

Ndipo maagizo yalipoanza. Mama Skola alitaka keria pana, gunia lilale bila kuning'inia. Mwalimu Eliya alitaka pembe za kufungia ngoma ya kwaya. Akina mama, wanaokaa upande kwa sababu ya vitenge, walitaka ngazi ya kuwekea miguu yote miwili pamoja, na kitu cha kushika. Fundi wa Vwawa alichomelea kwa nondo zilizobaki kwenye ujenzi wa madarasa, akaongeza na shokomzoba za nyuma kutoka pikipiki nyingine iliyokuwa nzito zaidi. Siti haikufupishwa, iliongezwa. Madigadi haikukatwa, ilishushwa na kipande cha mpira wa tairi ili tope lisirukie nguo za kanisani. Usukani wangu kama pembe ulibaki kichwani mwangu. Kila Jumamosi nilipoitazama niliona inazidi kufanana na ng'ombe, na ajabu ni kwamba sikukasirika kama nilivyotarajia. Mikono yangu ilikuwa inajua kila nati, na kila nati nilijua ilirudishwa na nani. Nimefanya kazi nyingi tangu wakati huo, nimefungua injini kubwa kuliko nyumba ya Shangazi, lakini sijawahi tena kuijua mashine namna ile, kama mtu anavyowajua watu wa harusini.

Iliwaka mwanzoni mwa kiangazi, mchana, baada ya kiki nyingi na ushauri mwingi zaidi. Ilikohoa, ikatema moshi mweusi na udongo wa nyigu, kisha ikatulia kwenye mngurumo mmoja mzuri. Watoto walikimbia, kuku akakimbia, Shangazi alisimama mlangoni na mwiko. Alisema tu, "Haya. Ni yako." Nilijua alikuwa anamaanisha, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema jambo kwa ajili ya kusikika. Wiki hiyo nilifunga nguo zangu kwenye mfuko wa salfeti nikauficha nyuma ya magunia. Nilimwambia nakwenda Ivuna kuleta chumvi, maana majirani walishaagiza, kila mmoja na kiasi chake na kifuko chake. Sikumwambia kama nitarudi. Naye hakuuliza, na asubuhi alinifungia viazi vya kuchemsha, vingi kuliko safari ya Ivuna.

Njia inashuka mpaka masikio yanaziba. Juu kuna baridi na migomba, chini kuna joto, ng'ombe, na uwanda mweupe unaoumiza macho, na mimi nilikuwa sijawahi kuona mahali ambapo ardhi imelala hivyo bila mwisho. Nilizima injini nikakaa tu kuitazama ile ardhi. Mama aliyeniuzia chumvi alijaza vifuko kimoja kimoja, na kila alipokaza fundo aliuliza, "Hiki cha nani?" ili afunge fundo tofauti nisije kuchanganya. Nikamtajia. Cha Mama Skola. Cha mwalimu wa kwaya. Cha mzee wa matangazo. Cha bibi aliyeleta jino la kitana. Mwisho akaniuliza, "Na cha kwako?" Nikasema mimi nakula kwa Shangazi. Akacheka, akanijazia konzi moja kwenye mfuko wa shati bila kuidai.

Nilitokea barabara kuu pale Mlowo jua likiwa limeinama. Kushoto ni Nanyala, halafu Mbeya, halafu dunia yote niliyokuwa nimeichora chini ya mibuni. Kulia ni Vwawa na njia ya mlimani. Mfuko wangu wa salfeti ulikuwa umefungwa juu ya chumvi, tangi lilikuwa na mafuta, na pikipiki ilikuwa yangu kwa neno la mwenyewe. Nilisimama hapo, mguu mmoja chini, malori yakinipita mpaka usukani unatetemeka. Utingo wa basi akaning'inia mlangoni akapiga kelele, "Oya, bro, unauza au unahama?" Nikaangalia nyuma, vile vifuko vyote na mafundo yake. Nikapinda kulia.

Shangazi alikuwa jikoni, anakula. Alikuwa amekaa. Katika mwaka mzima sikuwa nimemwona amekaa kula, na mbele yake palikuwa na ugali mdogo sana. Aliniangalia, akaangalia mfuko wa nguo mkononi mwangu, akameza tonge polepole. "Nimepika wa mtu mmoja," alisema. Nikamwambia nimeleta chumvi ya watu. "Naona." Akanyanyuka, akarudisha sufuria mafigani, akapulizia moto kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji. Nikiwa nimempa mgongo, nikitundika shati, nilimwambia nitaondoka kahawa ikishaingia ghalani, na nitaondoka kwa basi. Aliuliza kama pikipiki ina hitilafu. Nikasema haina, ibaki. Alikoroga maji yaliyokuwa hayajachemka.

Tulikula tumekaa wote wawili. Nje Mama Skola alikuwa ameshafika njiani na sauti yake imetangulia: amesikia mngurumo, chumvi yake iko wapi, na kesho pikipiki ni zamu ya nani, maana yeye ana gunia la mahindi la kupeleka mashineni. Nilifungua mdomo kumjibu, lakini Shangazi alikuwa ameshasimama mlangoni na tonge mkononi.

"Kesho msiiguse," alisema. "Mwanangu ananipeleka mjini."